Mkuu, usikate tiketi ya Dar kabla hujajua faili liko mji gani

Mkuu, hiyo tiketi ya Kahama–Dar iache kwanza. Umeandika kwamba wiki ijayo unakwenda "wizarani Kivukoni" kufuatilia faili la utumishi la marehemu mzee, na ukishamaliza utazunguka kuona Ikulu, Makumbusho ya Taifa na Feri. Umeuliza pa kulala, pa kula, wapi picha zinaruhusiwa na kivuko cha Kigamboni kikoje. Sawa. Ila kuna sentensi moja umeipitisha kimyakimya: "nimeambiwa wizara iko pale pale karibu na Ikulu." Nani kakuambia? Kama ana kipara na hakauki kahawani Buguruni, huyo ni shemeji yangu, kimbia.

Mimi natokea Igunga. Agosti 2022 nilikuwa na kazi kama yako: kupata barua ya wizara fulani (siitaji, mods wa humu nawajua) inayothibitisha miaka ya utumishi wa baba, ili mirathi isogee mahakamani. Shemeji akasema njoo, wizara zote ziko Kivukoni, nakupeleka kwa miguu. Nikamuuliza, si tuliambiwa wamehamia Dodoma? Akacheka mpaka akakohoa. Eti Serikali haiwezi kuacha upepo wa bahari ikafuate vumbi.

Tuseme ukweli, wazee wa mjini wana sababu ya kutoamini. TANU iliamua 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, halafu kwa miaka zaidi ya arobaini wizara zikaendelea kutazama bandari. Mtu aliyeusikia wimbo huo tangu akiwa darasa la kwanza, ulipoimbwa tena 2016 hakunyanyua hata shingo. Kumbe safari hii walikuwa hawatanii. Waziri Mkuu alihama mwaka ule ule, Dodoma ikatangazwa jiji 2018, Mji wa Serikali, yaani eneo la ofisi za wizara, pale Mtumba nje kidogo ya katikati ya Dodoma, ukazinduliwa 2019. Mafaili yalishapakiwa kwenye malori, shemeji bado anapuliza kahawa.

Wa pili kunipoteza ni kijana wa stationery. Nilimlipa aniandikie barua ya maombi, akachukua barua ya zamani kwenye kompyuta yake, akafuta jina la mteja aliyepita, akaweka langu. Anwani ya wizara akaiacha kama ilivyokuwa: S.L.P., Dar es Salaam. Mimi kuona Dar es Salaam imepigwa chapa nikaona basi, imethibitishwa. Jamani, chapa inathibitisha kwamba printa ina wino!

Sasa sikiliza sehemu inayoniuma mpaka leo. Basi la kutoka kwetu linapita Singida, Manyoni, linaingia Dodoma, linasimama stendi ya Nanenane. Nilishuka pale, nikanunua maji na mahindi ya kuchoma, nikapanda tena. Ukitoka Nanenane kuelekea Morogoro unapita Mtumba, barabara ile ile. Yaani nilipita karibu na wizara ninayoitafuta nikiwa nimelala, mdomo wazi, bahasha ya vyeti nimeikumbatia, nikaendelea kilomita zaidi ya mia nne kuifuata mahali ilipokuwa zamani. Na nauli nimelipa mwenyewe.

Ijumaa asubuhi niko getini, tai shingoni. Mlinzi hakunizuia, na hapo ndipo mtego ulipo. Jengo lipo, bendera inapepea, wafanyakazi wanaingia na kutoka, na ndani kuna ofisi ndogo ya wizara. Ukiuliza "wizara iko hapa?" unajibiwa ndiyo, na hujadanganywa. Nikapanga foleni, nikaandika jina kwenye daftari la wageni, nikasubiri kwenye benchi hadi karibu saa sita mchana. Dada mmoja mstaarabu akapokea barua yangu, akaisoma yote, akanitazama kama mtu anayeleta habari za msiba. Masijala iko Dodoma, kaka. Mafaili ya watumishi yote yako kule. Umetokea wapi? Nilipomtajia Igunga alifumba macho.

Siku zenyewe nazo zikanikataa. Kesho yake Jumamosi, kisha Jumapili, na Jumatatu ilikuwa tarehe 8 Agosti, Nane Nane, sikukuu ya kitaifa. Nilirudi Dodoma kwa basi (treni ya umeme ilikuwa bado), nikakaa gesti nikihesabu vigae vya dari. Jumanne nikafika Mtumba, faili likatoka masijala kabla chai haijapoa. Lilikuwa limekaa pale muda wote. Lakini siku yangu ya mahakamani kule nyumbani ilishapita, shauri likaahirishwa, na ndugu wakaanza minong'ono kwamba nimekula nauli ya ukoo na kustarehe ufukweni. Mimi! Bahari yenyewe niliiona nikiwa na begi mgongoni na njaa.

Kwa hiyo mkuu, usiulize ofisi iko wapi. Uliza FAILI liko wapi. Chukua barua ya mwisho ambayo mzee aliandikiwa na wizara, au ingia tovuti ya wizara yenyewe inayoishia na go.tz, tafuta namba, piga, sema hivi: "Naomba kujua faili la mtumishi fulani, cheki namba (namba yake ya utumishi) fulani, liko masijala ya mji gani, na nani anasaini barua yake." Wakikujibu "njoo tu ofisini", usikubali. Rudia swali. Hata wakikuona msumbufu, msumbufu wa kwenye simu halipi gesti. Na barua ya stationery isome mwenyewe mstari kwa mstari, hasa pale juu.

Haya, umeuliza kuhusu mtaa. Ile Ijumaa mchana sikuwa na pa kwenda, kwa hiyo Kivukoni niliizunguka kwa hasira, na nakubali ni pazuri. Anza na Boma la Kale pale Sokoine Drive, la tangu miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid wa Zanzibar aliyeanzisha mji. Wajerumani wakahamishia makao yao pale kutoka Bagamoyo 1891, ndiyo maana makanisa mawili makubwa, Mtakatifu Yosefu na Azania Front, yanatazama bandari kama mabwana forodha. (Unaona? Hata Bagamoyo iliachwa. Serikali kuhama si jambo jipya, shemeji!) Sanamu ya Askari iko Samora, ya 1927, kwa ajili ya Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza. Makumbusho yako Shaaban Robert, kuna habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, alilolipata Mary Leakey kule Olduvai 1959. Bustani ya mimea iko jirani, nenda ukae kivulini. Karimjee nayo haiko mbali, ndipo Bunge la Tanganyika huru lilipokaa.

Ikulu ya Magogoni ipitie kwa adabu. Waingereza waliipiga mizinga 1914, wakaijenga upya 1922. Picha usipige, wala usijifanye unapiga selfi kumbe kamera inaangalia ukuta. Simu mfukoni, tembea. Hakuna atakayekueleza mara mbili.

Kula: nenda Feri, soko la samaki. Mnada wa asubuhi ni kelele tupu na magamba yanaruka, lakini samaki wa kukaanga na ugali wanashibisha, na ukitaka supu ya pweza utaipata. Mama lishe wa nyuma ya maofisi nao wapo, ingawa mmoja aliniambia biashara imepungua tangu wateja wake wa suti wahamie Dodoma. Mpaka mama lishe alijua, mkuu! Mpika wali anajua wizara imehama, na mtu wa mjini miaka thelathini hajui.

Kivuko panda, ni shilingi 200 kwa mtembea kwa miguu. Ilipopandishwa kutoka 100 watu walilalamika wakaambiwa wapige mbizi. Safari yenyewe ni dakika chache, na ukiwa katikati ya maji unaona Kivukoni yote kwa mpigo. Ukitokea stendi ya Mbezi, basi la mwendokasi linaishia pale pale Kivukoni.

Lakini hayo yote yafanye BAADA ya barua kusainiwa. Ukiambiwa faili liko Dodoma, shuka Nanenane, maliza Mtumba, halafu kama hamu ya bahari bado ipo panda treni ya umeme uende Dar, daraja la kawaida nauli iliyotangazwa ni 31,000. Utafika umetulia, na bahasha yako ina muhuri.

Piga simu leo. Ofisi zinafungwa saa tisa na nusu.