Ubelgiji katika Bandari za Tanganyika

SWALI: Nimesikia kwamba Ubelgiji ilimiliki maeneo ndani ya bandari za Dar es Salaam na Kigoma. Iliyapataje?

JIBU: Haikuyamiliki, ilikodishwa. Kwa mkataba wa tarehe 15 Machi 1921, Uingereza iliipangisha Ubelgiji maeneo hayo milele, kwa kodi ya faranga moja tu kwa mwaka, ili shehena za Kongo na Ruanda-Urundi zipite bila kutozwa ushuru wa forodha. Mwaka 1951 yakafuata makubaliano mapya kuhusu gati la kina kirefu Dar es Salaam. Novemba 1961, Mwalimu Nyerere aliukataa mpango huo kwa hoja ambayo naiona ya haki kabisa: aliyekabidhiwa nchi kwa muda, kama Uingereza ilivyokabidhiwa Tanganyika, hana mamlaka ya kuifunga kwa ahadi zisizo na mwisho.