Mzigo ni ampea 4, rilei ni ya ampea 10: mbona imenasa?

Swali: Fundi, salamu. Nina rilei ya pini 5 iliyoandikwa 10A 250VAC na 10A 30VDC. Inawasha mota ya DC ya volti 24 inayokula ampea 4. Juzi nilikata umeme wa koili lakini mota ikaendelea kuzunguka. Nikaigonga rilei kwa mpini wa bisibisi, ikaachia. Koili imekufa? Dayodi kwenye koili nimeweka.

Jibu: Salama. Koili yako ni nzima. Rilei ni swichi inayoendeshwa kwa umeme, na koili ni waya uliozungushwa unaogeuka sumaku: kazi yake ni kuvuta tu. Anayerudisha ni springi, na safari hii springi imezidiwa kwa sababu kontakti, yaani vipande vya madini vinavyogusana kupitisha umeme, zimeshikana kama zilizochomelewa. Kwa kugonga uliziachanisha, ila zitanasa tena.

Ampea 4 ni za mota ikiwa imeshachanganya. Ikiwa imesimama, hakuna volti kinzani (ile ambayo mota yenyewe huizalisha ikizunguka) ya kuubana mkondo, hivyo inapoanza huvuta mara 5 au zaidi: ampea 20 na kitu. Na kontakti hazigusani mara moja zikatulia. Hudundadunda kwa milisekunde chache, kama kijiko kilichoanguka sakafuni, na kila mdundo hutoa cheche inayoyeyusha madini ya fedha yaliyo juu ya kontakti. Fedha hiyo ikiganda huku zimebanana, ndiyo kunasa kwenyewe.

Kuachana nako kuna balaa lake. AC, yaani umeme unaogeuka mwelekeo, ya hezi 50 hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche hupata nafasi ya kuzimika. DC, inayokwenda upande mmoja tu, haina sifuri. Cheche hurefuka kadiri kontakti zinavyoachana. Ndiyo sababu rilei hiyo hiyo imepewa volti 250 za AC na 30 tu za DC. Tena namba hizo ni za mzigo mtulivu kama hita. Mota ikikatwa hupandisha volti ghafla ili mkondo wake usisimame, na cheche inapata chakula.

Ukiweza, ng'oa kifuniko cha hiyo rilei uangalie kwa lenzi. Mara nyingi kwenye DC utakuta kontakti moja ina kichuguu na ya pili ina kishimo, maana madini yamehama upande mmoja. Kichuguu kikiingia kishimoni, hata bila kuyeyuka vinaweza kukwama. Usipige msasa, utamaliza fedha iliyobaki. Ibadilishe.

Dayodi yako, kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, inalinda transista (swichi ya kielektroniki) inayoendesha koili, si kontakti. Kwa kweli hufanya koili ichelewe kuachia, na kontakti hufunguka taratibu zaidi. Weka nyingine sambamba na mota, mstari uliochorwa mwilini mwake ukielekea chanya, mradi mota inazunguka upande mmoja tu. Kisha chagua rilei ambayo karatasi yake ya vipimo inataja mzigo wa mota, yenye kontakti za fedha na oksidi ya bati. Hizo hazinasi upesi. Kuunganisha jozi mbili za kontakti sambamba ili "kugawana" mzigo hakusaidii, kwani moja hutangulia kugusa na kubeba wote. Zikiwa mfululizo, angalau zinagawana cheche wakati wa kukata.

Ila usije ukaihamishia rilei hiyo kubwa kwenye ishara za miliampea. Huko fedha hushika utando usio na cheche ya kuusafisha, na utasikia "tik" bila umeme kupita. Kazi hiyo ni ya kontakti zilizopakwa dhahabu.