Nimepunguza wanga, sasa sukari inashuka mno

SWALI: Nina miaka 52 na kisukari aina ya pili. Natumia metformini miligramu 1,000 na glibenklamidi miligramu 5, zote asubuhi na jioni, pamoja na kidonge cha presha. Siku ya tano leo sili wali, mkate wala viazi. Vipimo vimeshuka vizuri, ila kabla ya chakula cha mchana natetemeka na kutokwa jasho. Jana mashine ilisoma 3.4. Niache dawa zote, au nirudie mkate?

JIBU: Usiache zote. Mpigie daktari wako leo hii, usingoje siku ya kliniki. Mwenye kesi hapa ni glibenklamidi: hulikamua kongosho litoe insulini hata kama sahani haina wanga, na kidonge kimoja chaweza kufanya kazi mchana kutwa na usiku. Dozi yako ilipangiwa mtu anayekula mkate asubuhi na wali mchana, na wewe si mtu huyo tena. Madaktari wengi huipunguza nusu au kuisimamisha siku ileile mgonjwa anapoanza kukata wanga. Ndugu zake, glimepiridi na gliklazidi, ni vivyo hivyo. Insulini nayo hupunguzwa, mara nyingi kwa theluthi hadi nusu, lakini mwenye aina ya kwanza haiachi kamwe. Metformini haina ugomvi na mlo huu. Peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi.

Ukisoma chini ya 4.0 (mashine nyingine huandika 70), koroga vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, unywe, kisha upime tena baada ya dakika 15. Bado iko chini? Rudia. Chokoleti na karanga hazifai hapo, mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Ikishapanda, kula kipande cha mkate. Ndiyo, mkate! Glibenklamidi ingali mwilini na itaishusha tena, hata usiku, kwa hiyo siku hiyo usilale peke yako. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali.

Kwa wiki za mwanzo pima kabla ya kila mlo na kabla ya kulala, uandike. Usishike usukani ikiwa chini ya 5.

Halafu kuna presha, ambayo wengi huisahau. Insulini ikipungua, figo hutoa chumvi na maji zaidi, na kidonge kilekile cha presha kinakuwa kikali. Ukiona kizunguzungu kila unaposimama huku sukari inasoma 6, usikimbilie sukari. Pima presha umekaa, kisha umesimama, umpe daktari namba zote mbili.

SWALI: Mume wangu anatumia dapagliflozini. Anaweza kuacha wanga kabisa?

JIBU: Asianze kabla ya kuonana na daktari. Dawa hiyo, pamoja na empagliflozini na kanagliflozini, humwaga sukari kwenye mkojo. Ukikata wanga juu yake, mwili unageukia kuchoma mafuta na kuzalisha ketoni, yaani asidi zitokanazo na mafuta hayo, na zikizidi damu inaweza kujaa asidi. Ubaya wake ni kwamba mashine inaweza kusoma 9 au 11 tu, watu wakadhani amekula kitu kibaya. Akipata kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo au kuhema kwa nguvu, asimeze kidonge kingine. Aende hospitali mara moja, ataje jina la dawa na aombe ketoni zipimwe kwenye damu. Zikifika 3 ni dharura, sukari isome itakavyosoma.

Kwa kawaida dawa hii husimamishwa kabla ya mlo kuanza. Lakini kama aliandikiwa kwa ajili ya moyo au figo, huenda daktari akaona heri abaki nayo na aendelee kula wanga wa kiasi.