Barua kwa mwanangu: jenga timu ya mwezi wa tatu

Mwanangu, mama yangu,

Meseji yako ya juzi usiku niliipata nikaisoma nikairudia, na sikukujibu palepale mana jambo lenyewe limenikaa moyoni siku mbili hizi. Umeniandikia kwamba umepewa umeneja mkuu wa timu ya mpira hapo Mtwara, mkataba wa miaka mitatu, viongozi wanataka kupanda Ligi Kuu haraka, ila wewe unachotaka ni timu ambayo ukiondoka inabaki imesimama, na unaniuliza unaanzia wapi. Kwanza hongera sana mwanangu. Pili umefanya vizuri kuniuliza, mana ile misimu minne niliyokuwa mweka hazina wa timu yetu hapa Lindi ulikuwa bado shule na mengi sikukusimulia.

Unaanzia mwezi wa tatu.

Ngoja nikueleze. Huku kwetu hela ina msimu wake, korosho zinaanza kuuzwa mnadani Oktoba, ikifika Novemba na Desemba kila mtu ana chochote, wafanyabiashara wanaahidi, uwanja unajaa, mtu anakutolea milioni mbili mfukoni mbele za watu na mnampigia makofi. Alafu inakuja Machi, mvua zinanyesha, hela za korosho zimeisha kwenye ada na mabati, wale wa kuahidi simu hazipokelewi, na ligi ndo imefika patamu na mshahara unatakiwa uleule wa Novemba. Timu nyingi za Kusini nilizoziona zikifa zilifia hapo. Ukitaka kujua timu ni nzima usiiangalie Novemba.

Msimu wetu wa pili tulipata mfadhili, simtaji, akaweka hela ya usajili tukaleta wachezaji saba kutoka Dar, wazuri kweli, tukashinda mechi tano mfululizo na mji mzima ukawa unaimba. Mimi nilishika daftari, nikawaambia kwenye kikao jamani mishahara hii tumeipanga kwa hela ambayo ipo mdomoni kwa mtu mmoja, wakasema mama huyu muoga. Ilipofika Machi kambi ilikuwa inakula mchele wa nyumbani kwetu, wewe mwenyewe unakumbuka masufuria yalivyokuwa yanatoka kwetu asubuhi hukujua yanaenda wapi. Kuna kijana wa pembeni kulia aliteguka kifundo tukakosa hela ya kumpiga picha hospitali, na wiki hiyohiyo hela ya mganga ilipatikana. Hilo sijalisahau mpaka leo na linaniuma. Mshambuliaji wetu akaondoka alfajiri na begi lake bila kumuaga mtu, na sikumlaumu, alikuwa ana miezi mitatu hajalipwa na ana mtoto mchanga.

Kwaiyo kitu cha kwanza, kaa na kalamu. Tuseme una wachezaji 25, kila mmoja laki tatu, hiyo ni milioni saba na nusu kwa mwezi, kwa mwaka milioni 90, na hapo hujaweka kocha hujaweka chakula cha kambi hujaweka basi, na sisi huku mwisho wa nchi basi ndo linatumaliza, kufika Dar tu ni zaidi ya kilomita 550 na ukitoka hapo bado Mwanza bado Kagera. Alafu andika pembeni hela ambazo ziko kwenye karatasi iliyosainiwa, siyo ahadi. Mshahara wa timu nzima utoshe ndani ya hizo za karatasi, tena zibaki. Zile za Novemba ziweke akiba ya Machi na safari, usizinunulie mshambuliaji. Mwaka 2018 minada ya korosho ilivyokwama mpaka serikali ikaamua kununua yenyewe kwa 3,300 kilo, nani alikuwa na hela ya kuchangia timu? Na hakuna aliyejua Julai kwamba Oktoba itakuwa ivyo.

Usidhani ni umasikini wetu tu. Leeds United kule Uingereza walifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Ulaya 2001, walikuwa wamekopa hela nyingi wakitegemea kila mwaka watacheza mashindano hayo ndo walipe, wakakosa nafasi, wakaanza kuuza mchezaji mmoja mmoja, 2004 wakashuka daraja na 2007 wakashuka tena la chini yake. Wao mkopo wao uliegemea mashindano, sisi mishahara yetu iliegemea mdomo wa mtu. Kosa ni lilelile.

Na siku hizi mshahara ni sheria mwanangu. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akikaa bila kulipwa miezi miwili, anakuandikia notisi ya siku 15, usipolipa anavunja mkataba na anaondoka kwa haki yake na bado anakudai, na deni lisipolipwa timu inafungiwa kusajili. Sasa fikiria umejenga miaka miwili alafu dirisha la usajili linafunguliwa wewe umefungiwa.

Jingine ni hili la mikataba. Timu zetu zina tabia ya kumpa kila mtu mwaka mmoja, yani kila Juni timu inavunjika yote, Julai unaanza kuokota upya, hela ya usajili unalipa upya, kocha anafundisha upya majina. Na aliyeng'ara anaondoka bure mana mkataba umeisha, unabaki kupiga nae picha. Vijana wako wazuri wa miaka 19, 20 wape miaka mitatu, wazee wazoefu mwaka mmoja mmoja, na panga mikataba isiishe yote siku moja. Kila mwaka wakiisha nane au tisa hiyo unaimudu, wakiisha 20 umerudi ulipoanza.

Alafu kaa ujiulize kila mwezi, huyu akiondoka kesho anaingia nani? Jina kabisa, siyo tutaangalia. Muulize kocha hivyo, jiulize kuhusu kocha mwenyewe, na kuhusu mfadhili. Hapa nitakupa mfano wa Yanga na najua wewe ni Simba, nivumilie. Mwaka 2023 baada ya kufika fainali ya Shirikisho Afrika waliondokewa na Mayele akaenda Pyramids ya Misri, Feisal akaenda Azam, na kocha Nabi nae akaondoka, yani mfungaji, kiungo na kocha kiangazi kimoja. Timu ya kawaida inakufa hapo. Wao wakamleta kocha Gamondi, kiungo Aziz Ki alikuwa yupo tayari tangu mwaka uliopita, na ubingwa 2023/24 wakachukua tena. Aziz Ki hakutafutwa siku Mayele anapanda ndege.

Sevilla ya Hispania ndo walifanya kazi hii mpaka dunia ikawaiga. Kuna bwana anaitwa Monchi, alikuwa kipa wao, mwaka 2000 timu imeshuka daraja haina hela wakamkabidhi usajili. Akawa anatuma watu waangalie ligi ambazo wakubwa hawaziangalii, anaweka orodha kwa kila nafasi kabla nafasi haijawa wazi. Dani Alves alimtoa Bahia kule Brazil akiwa hajulikani, 2008 akauzwa Barcelona kwa hela kubwa mno, na katikati hapo walibeba kombe la UEFA 2006 na 2007. Walikuwa wanauza nyota karibu kila mwaka na wanabeba makombe. Kwaiyo kuuza usikuogopeshe, na siku mashabiki watakapokuja ofisini kwako kulia kwamba umemuuza fulani wasikilize vizuri, wape maji wanywe, ila uwe na jina la anayefuata kwenye droo.

Na Bahia yako wewe ni Newala, Tandahimba, Nanyamba, Nachingwea, Liwale. Nenda UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, nenda kwenye ndondo, zile mechi za mitaani za vijijini msimu wa korosho ambapo kila kijiji kinacheza, kaa kwenye benchi la mbao uangalie. Usitume mtu tu, nenda na wewe mwenyewe mara moja moja mana mtoto wa Tandahimba akiona meneja mkuu kaja kwao na mama yake akakukaribisha ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, huyo hutahangaika nae kwenye hela ya kusaini.

Ila, na hapa nisikilize sana mana wengi hawajui, ukimchukua huyo mtoto MSAJILI. Msajili rasmi TFF, shirikisho letu la mpira, kwa tarehe, kwa cheti cha kuzaliwa cha kweli, usikubali mtu akuletee umri wa kupika. FIFA ina utaratibu kwamba mchezaji akiuzwa kwenda nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya hela inagawanywa kwa timu zilizomlea kuanzia miaka 12 mpaka 23, kila mwaka aliokaa kwako kati ya 12 na 15 ni robo asilimia, kuanzia 16 ni nusu asilimia. Chukulia umekaa nae miaka miwili, ya 16 na ya 17, akaenda timu nyingine ya hapahapa, siku moja ile timu ikamuuza nje kwa bilioni moja, wewe uliyekaa kimya Mtwara una milioni 10 zako, na akiuzwa tena kwenda nchi nyingine unapata tena. Hiyo ni mishahara ya mwezi mmoja na zaidi kwa ile hesabu ya juu. Lakini inalipwa kwa aliyesajiliwa kwenye mfumo, siyo kwa anayesimulia kijiweni kwamba yule nimemlea mimi. Sisi tulilea watoto wangapi hapa na hatuna ata karatasi moja. Ningejua wakati ule ningelala na zile fomu chini ya mto.

Kuhusu kocha sitasema mengi, mpira wa uwanjani unaujua kunizidi. Ila amueni nyie kama timu mnachezaje, alafu ndo utafute kocha wa kucheza ivyo, mana ukimuachia kila kocha alete mpira wake na wachezaji wake utajikuta una vikosi vitatu vya makocha watatu waliokwisha kuondoka. Na akifungwa mechi tatu wanataka afukuzwe, muangalie kwanza kwa macho yako mazoezini kabla hujaitisha kikao.

Viongozi wako wanataka kupanda haraka, nawaelewa, sisi wa Kusini tuna kiu. Ndanda ya hapo Mtwara ilitupa raha misimu sita Ligi Kuu, 2014 mpaka 2020, na kwa mkoa wa pembeni kama wetu hiyo ni heshima kubwa. Namungo wakapanda 2019 kutoka Ruangwa, mwaka uliofuata fainali ya kombe la FA, kisha makundi ya Shirikisho Afrika, na 2024/25 bado walikuwa Ligi Kuu. Ila waambie na hili. Juni mosi 2019 nilikuwa uwanja wa Ilulu, fainali ya FA ililetwa hapa kwetu Lindi, Azam na Lipuli ya Iringa, nilikaa upande wa Lipuli mana nilikuwa nawahurumia, wakafungwa moja bila kwa shida kweli na watu wa Iringa walivyokuwa wanawaimbia vijana wao nilitokwa na machozi. Mwaka mmoja tu baadae Lipuli ikashuka daraja. Sijui ya ndani kwao na siwezi kuwasema, nakwambia tu kwamba fainali na kushuka vilipishana mwaka mmoja. Waombe viongozi wakupe malengo mawili yameandikwa, la kupanda, na la mishahara kulipwa tarehe ileile miezi 12. La pili ndo ulisimamie wewe kwa jina lako.

Mjomba wako atakuletea kijana wake wa Mikindani, najua mana kashanipigia. Mpokee kwa heshima, muite kijana kwenye majaribio pamoja na wenzake, kocha akisema hapana ni hapana, na mjomba nitaongea nae mimi.

Lile daftari langu la misimu minne bado lipo, lina kila kilichoingia na kila kilichotoka, ata ule mchele nimeuandika kilo kwa kilo. Nimempa konda wa basi la asubuhi, namba yake nakutumia sasa ivi, kalichukue stendi kabla ya saa tano. Kurasa za Oktoba zina majina mengi ya wachangiaji, ziruke. Fungua Machi ya msimu wa pili, kuna mstari nimeupiga kwa kalamu nyekundu, hapo ndo siku yule kijana alipoondoka na begi. Ukiusoma nipigie.

Mama yako,
Lindi