Mi nchi yangu ni Zambia, chekeni tu

Mleta mada umeuliza nchi gani ya nje mtu anaipenda toka moyoni na kwanini. Nimesoma majibu yote jana usiku nikiwa foleni ya mpakani maana kazi yetu sisi nusu ni kuendesha nusu ni kusubiri. Naona Kanada, naona Uturuki (hapo ni tamthilia tu msitudanganye), na yule jamaa wa Pemba aliyesema Omani kwa vile nusu ya ukoo wake uko Maskati, huyo namwelewa kabisa. Wa Kariakoo aliyetaja Uchina sijui anaipenda Uchina au anapenda bei za Guangzhou, atajijibu mwenyewe.

Mi ni Zambia. Najua mtacheka, hakuna mtoto anayelala anaota kwenda Zambia. Hata sisi wa Tunduma hatuhesabu kama ni safari, unavuka barabara uko Nakonde, Wanamwanga wako huku na huku, shangazi Mtanzania mjomba Mzambia, dukani unatoa shilingi unarudishiwa kwacha na hakuna anayekushangaa. Ndo maana hata mimi miaka yote nilikuwa naichukulia poa, nchi ya kupita tu, mpaka Januari 2009.

Nilikuwa utingo bado. Tumetoka Kitwe na shaba, zile sahani zake nzito, tunarudi Dar. Tumeshaipita Serenje tunaitafuta Mpika, mvua inanyesha kama imetumwa, springi ya tela ikakatika. Na siyo jani moja, yaani senta bolti imekwenda na majani yamesambaa. Dereva wangu, mzee mmoja wa Ilula, akaangalia, akatema mate, akasema dogo unalala hapa, mimi naenda Mpika kutafuta springi. Akadaka lifti. Nimebaki na lori, mzigo wa watu wa mamilioni, jeki, matawi niliyokata nikayatupa barabarani kuwazuia wanaokuja, na mkate nusu. Simu haina mtandao. Akarudi siku ya nne.

Sa mtu anayejua shaba anajua hofu yake. Mzigo ule unatafutwa na wezi, madereva wangapi wamepigwa, kwahiyo kila nikisikia hatua porini najua basi leo ndo leo. Asubuhi ya kwanza nikasikia hatua kweli. Nikashika spana. Kumbe ni mama mtu mzima amebeba uyoga kichwani.

Wanaopita ile njia masika wanaujua ule uyoga, wanauza pembeni ya barabara, mmoja unaweza kuwa mpana kama ungo, wanaushika kwa mikono miwili kama mwavuli. Yule mama akauweka chini kwanza, taratibu, akachuchumaa, akapiga makofi yale yao ya mikono iliyokunjwa, hayalii pwaa yanalia kama ndani ya kopo, akasema "mwashibukeni mukwai", salamu yao ya asubuhi, na hiyo "mukwai" ni ya heshima. Mimi, kijana wa miaka ishirini na mbili, mchafu nina grisi mpaka masikioni, nimeshika spana ya kumpigia mtu, naamkiwa na mama wa umri wa bibi yangu amechuchumaa. Nikaona aibu hiyo sijawahi kuiona. Nikaificha spana nyuma.

Kibemba changu kilikuwa cha kununulia mahindi tu lakini aliona mkate. Akaondoka bila kusema kitu. Baada ya saa nzima karudi na mume wake, na sufuria imefunikwa kwa kitambaa. Ndani ubwali, ambao ni ugali tu jamani msisikie jina jipya, ila wao wanaukata kwa mwiko unakuwa mabonge mabonge laini, na pembeni katapa, yaani kisamvu, kimepikwa na karanga, na kibakuli cha ifinkubala. Hao ni viwavi waliokaushwa. Sikutaka kuwaangalia. Mzee akanawishwa, akachukua mmoja akatafuna mbele yangu, kruk, akanisogezea. Nikala. Wana chumvichumvi, kama dagaa mkavu aliyekaangwa vizuri, wa pili sikuhitaji kubembelezwa.

Dagaa nao wanaye, wanamwita kapenta wanajivunia kweli, na wa ziwa Kariba wale walitolewa ziwa Tanganyika miaka ya sitini mwishoni wakapandikizwa kule. Dagaa wa Kigoma huyo ana pasipoti mpya tu.

Sasa yule mzee, ndo shida ya mapenzi yangu ilipoanzia. Akaanza kuongea Kiswahili. Kiswahili kibovu, cha kuamuru amuru, "leta", "beba", "panda juu", nikamuuliza umekitoa wapi mukwai? Akasema reli. Alikuwa kibarua TAZARA, hii reli yetu na Zambia, kipindi Wachina wanaijenga. Nikamwambia hata mzee wangu! Mzee wangu alikuwa upande wetu, Mlimba kupanda Makambako, kile kipande chenye mahandaki na madaraja ambacho wakikusimulia unasikia baridi. Kazi ilianza 1970 na 1975 reli ikawa imefika Kapiri Mposhi, kilomita 1,860.

Vijana wa humu mnaona ile reli ni treni inayochelewa. Ngoja niwaambie kwanini ipo. Zambia haina bahari, shaba yake ilikuwa inashuka kusini kwa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, halafu 1965 Smith, mkubwa wa kule, akajitangazia uhuru wake wa Wazungu. Kaunda, rais wa Zambia, angeweza kunyamaza tu akauza shaba yake. Hakunyamaza, na nchi ikabanwa kweli, mafuta yanaletwa na malori toka Dar kwa barabara ya vumbi na matope ambayo madereva wa enzi hizo waliiita barabara ya motoni, mpaka bomba la mafuta la TAZAMA likafika Ndola 1968. Mzee wangu alikuwa ananiambia haya nikiwa mdogo naona kama hotuba ya mwenge. Niliyaelewa nikiwa nimekaa kwenye tairi ya akiba na mdomo una viwavi.

Halafu tukitaka kuliinua sanduku la vifaa kuliingiza ndani mvua isilipige, mzee akashika upande wake mi wangu, akasema "yi, er, san!" tukanyanyua. Nikaganda. Mzee wangu nyumbani ndo anavyonyanyua gunia! Maisha yangu yote nimesikia "yi er san" nikajua ni maneno yake tu ya utani, kumbe ni moja, mbili, tatu ya Kichina, Wachina wa reli waliwafundisha kuinua mataruma kwa hesabu moja, huku na kule.

Siku nne walinilisha. Usiku mtoto wao wa kiume alikuja kulala chini ya tela na mimi, tukawasha moto wa mkaa kwenye ndoo iliyotobolewa. Dereva aliporudi nikamtolea mama noti ya kwacha elfu hamsini (kabla ya 2013 hawajakata sifuri tatu, isikutishe, ilikuwa kama dola kumi). Akakataa. Nikamlazimisha akachukua, halafu akaingia kwake akatoka na uyoga mkubwa kuliko wote akaupakia kwenye kabini. Dereva alinuna njia nzima, kabini linanuka msitu mpaka Nakonde.

Sasa msije mkadhani nasema Wazambia ni malaika. Kuna askari mmoja njiani, simtaji wala mji wake, alinikamata taa ya nyuma haiwaki wakati inawaka, tumesimama wote wawili tunaiangalia inawaka, na bado nikalipa. Kingereza wanakipenda kupita kiasi, ukikosea wanakurekebisha hata kama umekuja kununua nyanya. Na Jumapili usitegemee fundi, nchi ilishatangazwa ya Kikristo toka 1991 na wanamaanisha, pancha yako itasubiri ibada iishe na ibada yao haiishi.

Lakini ndo hivyo, nilishanasa. 2012 fainali ya AFCON nimeangalia banda umiza Tunduma, watu wamejaa mpaka dirishani, nusu Wazambia nusu sisi, na kelele zetu ndo zilikuwa kubwa. Mnakumbuka? Ivory Coast ya akina Drogba, na yeye mwenyewe akapaisha penati ndani ya dakika tisini. Mechi ilichezwa Libreville, na ndege iliyoua karibu timu yao yote Aprili 1993 ilidondoka baharini hapohapo nje ya Libreville. Wale vijana walienda kuweka maua ufukweni kabla ya fainali. Ikafika penati, wachezaji wa Zambia wamepiga magoti wanaimba, Kalaba wa Zambia akakosa, Gervinho wa Ivory Coast akakosa, Sunzu akaifungia Zambia, 8-7. Kuna jamaa pembeni yangu, Mnyakyusa wa Tukuyu kabisa hata Nakonde hajawahi kufika, analia. Nikamuuliza wewe unalia nini? Akasema sijui.

Kaunda alipofariki Juni 2021 mzee wangu alizima redio akakaa nje mpaka giza. Hakutaka kuongea.

Kule kwa mama wa uyoga nilirudi 2016, sasa hivi nikiwa dereva mwenyewe na utingo wangu. Nilipita mara nyingi kabla usiku usiku nashindwa kusimama na mzigo, safari hii nikapanga nifike mchana. Mzee wangu alikuwa amenipa gunia la mchele wa Kyela, kilo hamsini, anasema mpelekee yule mwenzangu wa reli. Hawajawahi kuonana. Nikawakuta wote wazima, mzee mguu mmoja unamsumbua lakini alipoona gunia akaja kushika kona yake, nikamwambia acha mukwai huyu kijana yupo, akakataa. Tukashika. Kabla sijafungua mdomo kashasema "yi, er".

Mama aliupika ule mchele palepale tukala wote. Akasema ni mtamu, unanukia vizuri, amshukuru sana mzee. Halafu akainuka akaenda kusonga ubwali, maana bila huo, kasema, watoto watalala na njaa.