Maswali ya Wasomaji: Kuanzishiwa Uchungu kwa Puto

SWALI: Daktari, nakusalimu kwa heshima. Hii ni mimba yangu ya kwanza, na wiki hii natimiza wiki 41 bila dalili yoyote ya uchungu. Nilipopimwa kliniki niliambiwa kwamba mlango wa kizazi bado ni mgumu na umefunga, kwa hiyo nitalazwa niwekewe mpira wenye puto wa kuanzisha uchungu. Nilishtuka, nikashindwa kuuliza chochote pale pale. Naomba unieleze mpira huo hufanya kazi gani, unauma kiasi gani, kama unaweza kumdhuru mtoto, na nitegemee kujifungua baada ya muda gani.
Mama mtarajiwa

JIBU: Dada yangu, naanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa kutojua muda huwachosha akina mama wengi kuliko hata maumivu. Puto huandaa mlango wa kizazi. Uchungu wenyewe mara nyingi huja baadaye, kwa msaada wa hatua nyingine mbili nitakazozieleza. Tangu unapowekewa mpira hadi unapompakata mtoto inaweza kupita siku nzima au mbili, na kwa mimba ya kwanza wakati mwingine zaidi ya hapo. Mama anayeingia wodini akilijua hilo hupumzika na kutunza nguvu zake, lakini yule aliyedhani atajifungua jioni ile ile huanza kukata tamaa usiku wa manane, ilhali mambo yanakwenda sawasawa.

Ili uchungu ufanikiwe, mlango wa kizazi unatakiwa ulainike, ufupike na uanze kufunguka. Mkunga anapokupima kwa vidole huangalia mambo matano: njia imefunguka sentimita ngapi, mlango umefupika kiasi gani, ni mgumu au laini, umeelekea nyuma au mbele, na kichwa cha mtoto kimeshuka hadi wapi. Kila jambo hupewa alama kwa utaratibu uliochapishwa mwaka 1964 na daktari wa Marekani, Edward Bishop. Jumla ikiwa 6 au pungufu, kwa kawaida mlango huhesabiwa kuwa haujawa tayari, na mama akiwekewa dripu ya uchungu katika hali hiyo anaweza kuumwa kwa saa nyingi bila njia kufunguka. Hiyo ndiyo sababu umeambiwa uanze na puto.

Mpira utakaowekewa ni mwembamba na unapindika kwa urahisi. Katika hospitali nyingi ni katheta ya Foley, ile ile inayotumika kutolea mkojo, ingawa zipo katheta maalumu zenye maputo mawili. Kabla ya kuuweka, wahudumu watasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, watahakikisha kwamba kichwa ndicho kilichotangulia, na watajiridhisha kwamba kondo la nyuma halijakaa chini karibu na njia. Kisha utalala chali na kukunja magoti, na daktari au mkunga atapitisha ncha ya mpira kwenye mlango wa kizazi, ama kwa kutumia kifaa cha kupanulia uke au kwa kuuongoza kwa vidole. Ncha ikishapita, puto hujazwa maji safi yasiyo na vijidudu, kwa kawaida mililita 30 hadi 80, likabaki juu ya mlango kwa ndani. Sehemu ya mpira inayobaki nje hubandikwa kwenye paja, mara nyingi ikiwa imevutwa kidogo ili puto liukandamize mlango. Baada ya hapo mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa tena.

Kazi ya puto ni ya namna mbili. Kwanza, uzito na mkandamizo wake huupanua mlango polepole. Pili, linapobana kati ya chupa ya uzazi na ukuta wa mji wa mimba, mwili wenyewe hutoa prostaglandini, yaani kemikali zinazoulainisha mlango. Kwa kuwa hakuna dawa inayoingizwa mwilini, ni nadra mji wa mimba kukaza kupita kiasi na kumnyima mtoto nafasi ya kupata hewa ya kutosha, na kwa maoni yangu huo ndio uzuri mkubwa wa njia hii. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2019 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yalionyesha kwamba puto huelekea kufanya kazi vizuri sawa na prostaglandini zinazowekwa ukeni, na kwamba tatizo hilo la kukaza kupita kiasi hutokea mara chache zaidi. Shirika la Afya Duniani nalo limelipendekeza puto kuwa mojawapo ya njia za kuanzisha uchungu.

Kuhusu maumivu, sitakuficha: kuwekewa mpira si jambo la starehe. Wapo wanaohisi kubanwa tu, na wapo wanaoumia sana kwa dakika chache, hasa mlango ukiwa umeelekea nyuma na wa kutafutwa. Pumua polepole, legeza mapaja na makalio, na ukiona umeshindwa mwambie mhudumu asimame kwanza. Una haki kamili ya kumwomba hivyo, na unaweza kuulizia dawa ya kutuliza maumivu kabla hajaanza. Saa za mwanzo baada ya kuwekewa, wengi huumwa chini ya kitovu na kiunoni kama siku za hedhi, kisha maumivu hupungua. Yakipungua usidhani kwamba puto limeshindwa, kwa sababu mlango unaweza kuendelea kufunguka bila wewe kuhisi jambo kubwa.

Mtoto yuko ndani ya chupa, amezungukwa na maji, na puto limekaa nje ya chupa hiyo, kwa hiyo halimgusi moja kwa moja. Hata likitokea kupasuka, ambalo ni jambo la nadra, kitakachomwagika ni yale maji safi. Hatari ambazo wahudumu huzitazama kwa makini ni chupa kupasuka mapema, kichwa cha mtoto kusogea kutoka mahali pake, kutokwa damu na maambukizi. Kama una mzio wa mpira wa asili, au kama maji ya uzazi yameanza kuvuja, sema kabla hujawekewa, kwa sababu mpango unaweza kubadilika.

Ukiwa na puto unaweza kutembea, kuketi, kulala kwa ubavu na kwenda haja. Ukienda chooni jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma, na usiuvute mpira. Ute wenye michirizi ya damu ni wa kawaida. Mwite mkunga mara moja ukitokwa damu nyingi au mabonge, maji yakitoka, hasa yakiwa ya kijani au kahawia, ukipata homa au kutetemeka, ukishindwa kukojoa, tumbo likikaza bila kuachia, au mtoto akipunguza kucheza. Ukihisi kitu kama kamba kikining'inia ukeni baada ya chupa kupasuka, piga kelele upate msaada hapo hapo, kwa maana kitovu kinaweza kuwa kimetangulia. Baadhi ya hospitali huwaruhusu akina mama wasio na matatizo kwenda kusubiri nyumbani wakiwa na puto, na ukiruhusiwa hivyo dalili hizi ni za kurudi hospitali bila kungoja asubuhi.

Puto hubaki ndani kwa takriban saa 12, na mahali pengine hadi 24. Likidondoka lenyewe, hata kama ni chooni, usihangaike kulirudisha. Mwambie mkunga, kwa sababu mara nyingi maana yake njia imefika sentimita 3 au 4. Lisipodondoka, maji hutolewa na mpira huvutwa taratibu. Hatua zinazofuata ndizo zile mbili nilizozitaja: chupa hupasuliwa kwa kifaa chembamba, jambo ambalo kwa kawaida halimuumizi mtoto, kisha huwekwa dripu ya oksitosini, yaani dawa ya kuleta uchungu, inayoongezwa kidogo kidogo hadi uchungu ushike sawasawa. Wakati wa dripu mapigo ya moyo wa mtoto hufuatiliwa kwa karibu, na ni hapo ambapo maumivu huwa makali kuliko ya puto. Muulize mkunga wako mapema ni dawa gani za kutuliza maumivu zinapatikana. Iwapo mlango utabaki umefunga hata baada ya puto, daktari anaweza kupendekeza njia ya dawa, kurudia puto, au upasuaji, kulingana na hali yako na ya mtoto.

SWALI: Daktari, mke wangu amepangiwa puto. Mimi nifanye nini wakati huo?
Mume

JIBU: Ndugu yangu, kaa naye, umkande kiuno anapoomba, na uandike saa aliyowekewa mpira ili msiishi kwa kukisia. Muulizeni mkunga kama anaruhusiwa kula. Zuia simu za jamaa wanaouliza kila saa kama amejifungua, kwa kuwa maswali hayo humfanya aone amechelewa.

SWALI: Shikamoo daktari. Nilijifungua kwa upasuaji mtoto wa kwanza, na sasa natamani kujifungua kwa njia ya kawaida. Je, naweza kuwekewa puto nikiwa na kovu?
Mama wa mtoto mmoja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mara nyingi inawezekana, lakini uamuzi ni wa daktari bingwa aliyesoma taarifa za upasuaji wako, kwa sababu aina ya kovu ina uzito mkubwa. Kwa mama mwenye kovu moja la kukatwa kwa upana sehemu ya chini ya mji wa mimba, hatari ya kovu kuachia katika uchungu ulioanza wenyewe hukadiriwa kuwa takriban 1 katika 200, na huongezeka uchungu unapoanzishwa. Puto hupendelewa kwa sababu halilazimishi mji wa mimba kukaza kwa nguvu, ilhali misoprostoli, dawa nyingine ya kuanzisha uchungu, haishauriwi kwa mwenye kovu la namna hiyo. Uliza mambo mawili kabla ya kukubali: kama mapigo ya moyo wa mtoto yatafuatiliwa mfululizo uchungu ukianza, na kama chumba cha upasuaji kiko tayari saa zote. Ukipewa dripu, toa taarifa mara moja ukihisi maumivu kwenye kovu yasiyoachia hata uchungu unapopoa.