Shangazi Nijibu: Nilimtolea Mungu, mume wangu kaninunia

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Makorora hapa Tanga. Huu ni mwaka wa 11 wa ndoa yangu, na mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Mimi nimeokoka. Yeye ni Mkristo wa jina, akija kanisani anasinzia. Mwezi uliopita tulikuwa na harambee ya kuezeka kanisa. Mama mmoja wa kwaya, ambaye mumewe ana maduka, alitangaza 500,000. Roho akanisukuma, nikasimama nikaahidi 600,000. Kanisa zima likapiga vigelegele, nikaitwa mbele, nikaombewa. Siku ile nililia kwa furaha. Jumatano nikapeleka fedha zote. Zilikuwa zile alizonipa mume wangu nimshikie, za kumpeleka mama yake wa Muheza akafanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho. Niliamini Mungu atanirudishia mara mia. Akiba yangu ya kikoba, 280,000, sikuigusa kwa sababu ni ya kitanda. Mume wangu alipojua hakunipiga wala hakunitukana. Alinyamaza, na leo ni wiki ya tano ananijibu neno moja moja. Mama mkwe anawaambia majirani kuwa macho yake yameezekwa kwenye bati. Nimechoka kuteswa kwa ajili ya imani. Mume wangu ni mbahili kwa Mungu tu, maana kila Ijumaa anampelekea samaki bibi mmoja jirani, si ndugu yetu wala si wa dini yetu, na hataki nilizungumze. Maandazi yangu yananipa faida ya 5,000 kwa siku, siwezi kurudisha fedha zote hizo. Je, nirudi kwetu Korogwe mpaka atambue thamani yangu, au nivumilie huku nikiomba Mungu ambadilishe?"

Marahaba, mwanangu. Wiki tano za kujibiwa "ndiyo" na "hapana" na mtu mnayelala kitanda kimoja si mchezo. Pole. Lakini pole yangu inaishia hapo, maana barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiirudia namwonea huruma mumeo zaidi.

Umeandika mwenyewe kuwa fedha zile alikupa "nimshikie". Fedha ya kushikiwa ni amana. Huku kwetu pwani mtu alikuwa akikuachia mkufu wake, akavuka kwenda Pemba, akakaa mwaka mzima, na akirudi anaukuta kwenye kitambaa kilekile alichoufungia. Wewe uliachiwa macho ya mama wa watu. Ukayapeleka madhabahuni, ukapigiwa vigelegele kwa jina lako. Aliyetoa siku ile ni mumeo, na hakuulizwa. Aliyetoa zaidi yake ni mavyaa wako, ambaye hata hakujua kama kuna harambee. Wewe hukutoa kitu. Kilicho chako, ile 280,000, ulikifungia kwa ajili ya kitanda.

Najua hilo linauma. Lakini hukunificha, uliliandika kwa mkono wako, na mtu haandiki hivyo kama dhamiri haimchomi.

Hebu tuzihesabu fedha hizo zilikotoka. Umesema mumeo anavua dagaa. Mke wa mvuvi sihitaji kumfundisha: dagaa wanafuatwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukishakuwa mpevu taa hazivuti kitu, boti zinalala ufukweni na wavuvi wanashona nyavu. Kusi likichafuka, siku nyingine zinapotea. Na siku ya kutoka, kuna mafuta, kuna mgao wa mwenye chombo, kuna wenzake. Kinachobaki mfukoni mwake ndicho mnachokula watu watano. Kuweka 600,000 pembeni kwa mapato hayo ni miezi ya kujinyima. Kisha unaniambia akija kanisani anasinzia! Mtu ametoka baharini alfajiri, ameoga kutoa chumvi mwilini, amevaa shati, amekuja kukaa nyumba ya Mungu karibu na mkewe. Mimi ningekuwa mchungaji wenu ningewaambia wazee wamwache alale.

Sasa hili la Roho kukusukuma. Nenda pale Deep Sea asubuhi samaki wanaposhushwa. Nguru analazwa chini, dalali anaanza kuita. Mama wa kukaanga anataja bei, mwenye mgahawa anaongeza elfu, mama naye anaongeza elfu. Ikifika mahali, hawamtazami tena nguru, wanatazamana. Nimewahi kumwona mama ameshinda samaki namna hiyo, kisha akasimama pale anahesabu noti, anarudia kuhesabu, halafu anamgeukia mwenzake na kumwomba amkopeshe. Mwenzako alitaja 500,000, wewe ukataja 600,000. Kwa nini isiwe 70,000? Kwa nini isiwe 280,000, ambayo ulikuwa nayo kweli? Roho wa Mungu haongozi mnada, mwanangu. Ungekuwa umekaa benchi la nyuma, na yule mama wa maduka asingekuwepo siku hiyo, ungesimama?

Nakusoma katikati ya mistari, na hapa sikulaumu. Umesema ulilia kwa furaha. Sijui ni miaka mingapi umekaa kanisani humo ukiwa mama fulani tu, muuza maandazi, mke wa yule mvuvi anayesinzia. Siku hiyo ukaitwa mbele kwa jina lako, watu wakakuwekea mikono. Kiu ya kuonekana ni kiu ya binadamu, na Mungu anaijua. Hagari alipokuwa jangwani, peke yake, amekimbia mateso ya bibi yake, alimwita Mungu kuwa ni Mungu aonaye. Hakuwa amechanga hata senti. Wewe ulikuwa umeshaonwa zamani, alfajiri unapokanda unga watoto wamelala.

Tufungue Biblia basi, kwa kuwa umeniambia unateswa kwa ajili ya imani. Marko sura ya 7. Wakati wa Yesu palikuwa na desturi: mtu ana mali inayopaswa kuwatunza baba na mama yake, anasema, "Hii ni Korbani," yaani imewekwa wakfu kwa Mungu. Basi, wazazi hawana chao tena. Na wakubwa wa dini walilikubali jambo hilo. Yesu alikasirika. Akawaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao, maana Mungu yuleyule ndiye aliyesema waheshimu baba yako na mama yako. Mwanangu, macho ya mavyaa wako ndiyo Korbani yako. Ni jambo lilelile, tofauti ni bati tu.

Daudi naye, mwishoni mwa kitabu cha pili cha Samweli, alitaka kujenga madhabahu kwenye uwanja wa kupuria wa Arauna Myebusi. Arauna akamwambia mfalme achukue bure, uwanja, ng'ombe na kuni. Daudi akakataa. Alisema hawezi kumtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu, akalipa shekeli 50 za fedha. Wazee wetu nao walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hata Anania na mkewe Safira, ambao mwisho wao unaujua, angalau kiwanja walichouza kilikuwa chao.

Na yule mjane wa senti mbili tunayemtumia katika kila harambee, watu humsoma kuanzia pale anapoingia. Rudi nyuma kidogo, Marko 12, mstari wa 40. Yesu alikuwa ametoka kuwakemea waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Nayasema haya kwa wachungaji na wazee wa kanisa wanaosoma safu hii. Mnapomsimamisha muuza maandazi mbele ya watu na kipaza sauti, mkasubiri ataje, mnamtega. Pitisheni bahasha bila majina. Paulo aliwaandikia Wakorintho kuwa kila mtu atoe alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala kwa lazima. Kusudi la moyoni halipatikani kwa sekunde ishirini, watu wakiwa wamekukodolea macho.

Na ile mara mia uliyoingojea. Hiyo ni hesabu ya upatu: naweka, zamu yangu itafika, nitapokea. Ukimpa Mungu huku umeshika daftari la madai, hujampa, umemkopesha.

Sasa mumeo. Unasema ni mbahili kwa Mungu. Kila Ijumaa anampelekea samaki bibi jirani, si ndugu, si wa dini yenu, na hataki ulizungumze. Umeiandika kama shtaka! Yesu alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kulia. Mumeo amefunga mlango hata kwako. Hapati vigelegele, hapati maombezi, na bibi yule hana cha kumrudishia. Tanga hii tumeishi Waislamu na Wakristo ukuta kwa ukuta, tukipelekeana futari na pilau ya Krismasi, na watu kama mumeo ndio walioifanya ikalika. Umelala na mtoaji miaka 11, ukaenda kumtafuta wa kumwiga kwenye kwaya.

Niseme kidogo kuhusu ndoa za siku hizi, maana barua kama yako napokea nyingi. Wanandoa mnalala pamoja lakini fedha zenu hazifahamiani. Mke ana kikoba mume hakijui, mume ana laini ya pili mke haijui, mshahara ukipanda nyumbani hausikiki. Kila mmoja anajiwekea akiba ya siku ya kuachana. Halafu mnashangaa ndoa haina baraka. Mumeo hakufanya hivyo. Alichukua fedha yote ya mama yake akaiweka mikononi mwako. Wanaume wangapi wa mtaani kwenu wangethubutu? Hicho ndicho kinachomnyamazisha. Kama zingekuwa fedha tu, angegomba siku tatu akarudi baharini. Hakukupiga, hakukutukana, na naona hata hilo umelitaja kama linalokukera. Kimya cha wiki tano sikisifu, mtu mzima aseme. Lakini nakielewa: hajui tena akuachie nini.

Korogwe usiende. Ukienda utawakuta wanaokupenda, watakuwa upande wako, na utarudi na kiburi kipya. Thamani yako mumeo aliitambua siku alipokukabidhi zile fedha.

Utakachofanya ni hiki. Ile 280,000 itoe kwenye kikoba, kitanda kitangoja. Inabaki 320,000. Kwa faida ya 5,000, hiyo ni siku 64 za maandazi. Usiniambie huwezi. Uliahidi 600,000 kwa dakika moja, utashindwaje 320,000 kwa miezi miwili na kitu? Siku hizo 64 za kuamka saa kumi, moshi machoni, mikono ndani ya unga, ndizo zitakuwa sadaka yako ya kwanza inayokugharimu wewe. Fedha ya kanisa usiende kuidai, bati limeshapigiliwa. Lakini mwone mchungaji faragha umwambie ulichotoa hakikuwa chako, ili naye ajue harambee zake zinafanya nini majumbani.

Mwambie mumeo usiku, watoto wakilala. Neno lenyewe ni "nilichukua". Usiseme "niliongozwa", usiseme "nilidhani utaelewa". Mpe hiyo 280,000 mkononi, na hesabu ya zilizobaki. Asipojibu, usimlazimishe. Kesho yake mpe 5,000, na kesho kutwa.

Kisha nenda kwa mavyaa wako, na usichelewe. Mtoto wa jicho ni lenzi ya jicho kuingia ukungu. Daktari huitoa akaweka ya bandia, na wengi huona tena, ila kadiri anavyongoja ukungu unazidi, na mzee asiyeona yuko karibu na jiko na ngazi kila siku. Yesu alisema ukiwa na sadaka yako madhabahuni ukakumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache hapo, uende kwanza ukapatane naye. Wewe umechelewa wiki tano tu.

Nenda Jumanne, panda gari la Muheza la asubuhi. Usibebe khanga mpya wala sukari ya kumfumba mdomo, nenda mikono mitupu. Piga magoti kabla hujakaribishwa kiti. Atakusema, tena atakusema sana. Sikiliza mpaka amalize. Kisha atakukaribisha chai, wazee wetu hawawezi kujizuia. Akinyanyua birika usikimbilie kulishika. Kaa kidogo umtazame anavyokitafuta kikombe kwa vidole, anavyoweka kidole ndani ya ukingo ili ajue chai imefika wapi. Tazama mpaka mwisho. Halafu simama, umsaidie.